Msiseme "Leo"

Vijana wa Madungu, nyinyi mnaoshinda na simu zenu mkitafuta watu wa kuwafuata, mmenitumia ujumbe nije nikae mbele ya kamera yenu niwaeleze mtu anapataje kusikilizwa. Nimekataa, nanyi mmesema Bi Hodi ana kiburi. Semeni. Mie sirekodiwi tena. Naandika, kwa mkono uliojifunza kuandika ukubwani, darasa la ngumbaru, na atakayeona herufi zangu zimelala ubavu aziache zilale. Ila someni mpaka mwisho. Tabia yenu naijua: mnasikia mwanzo tu, mshapeleka mbele.

Jina langu Siti. Hilo la Bi Hodi nimepewa na milango ya watu. Kazi yangu ilikuwa kualika. Palipokuwa na harusi, hitima, au msiba, mwenye jambo lake alimwita mtu wa kupita, naye huyo akavaa buibui, akashika njia, nyumba kwa nyumba, akasema. Mtaniambia hiyo si kazi, ni matembezi. Haya, tembeeni nyie jua la kiangazi, mfukuzwe na bata wa watu, mfike mlango wa mwisho na sauti ingali nzuri kama ya mlango wa kwanza. Halafu tuzungumze.

Aliyenifunza ni shangazi yangu, Bi Kazija. Mwanamke mrefu, mkavu, sauti yake ya chini hata ukitaka kumsikia lazima uache unalolifanya. Nilipoanza nilikuwa napiga kelele. Akanivuta sikio.

"We Siti, unauza dagaa?"

"La, shangazi."

"Dagaa wanaoza, ndiyo maana wanapigiwa kelele. Maneno yako yanaoza?"

Tangu siku hiyo nikasema chini. Na watu wakainama kunisikiliza. Mtu akishainama kukusikiliza ushampata, hiyo chukueni bure.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: ukipeleka harusi, unakaa. Ukipeleka msiba, unasimama. Kwenye harusi utakaribishwa kiti, ukae, upewe chai, unywe, uulize habari za watoto mmoja mmoja, ndiyo useme. Kwenye msiba huvuki kizingiti, hukai, hunywi hata maji. Mwenye nyumba akikuona umesimama anajua kabla hujafungua mdomo. Miguu yako ishasema. Mdomo unakuja kumalizia tu.

Nikaivunja mapema. Nilitumwa na msiba kwenye mji mmoja wa mashambani, jua kali, nimechoka, nikafika kwa mama mmoja mnene mcheshi, akanivuta mkono, akanikalisha kwenye mkeka, akanipa uji. Nikanywa. Alipoona nimekaa na nakunywa, yule mama akapiga kigelegele. "Harusi ya nani? Ya nani, mwanangu? Usinifiche!" Majirani wakaja mbio, mmoja kashika kanga mpya anasema hii ndiyo sare. Nami bakuli liko mdomoni, na aliyekufa ni kaka wa huyo mama. Sitaki kuwahadithia nilivyomwambia. Bi Kazija aliposikia hakunipiga. Aliniambia, "Umemfanya amshangilie kakaye." Ingekuwa heri anipige.

Sheria ya pili: msiba hautajwi jina. Unataja nyumba. "Kuna msiba kwa fulani." Kisha unanyamaza. Unamwacha mwenyewe aulize, "Nani?" Bi Kazija alikuwa akisema jina la maiti halitupwi kama jiwe kwenye ua wa mtu. Mtu akiuliza mwenyewe, amekwishajishika mahali. Akishajishika, mwambie.

Na ya tatu, ambayo hakunifunza kama sheria maana haikuwa na haja ya kufunzwa: msiba ni leo. Hatukusema Jumatatu wala Jumanne. Maiti hana kesho. "Anazikwa leo, baada ya sala ya alasiri." Mdomo wangu na siku yenyewe vilikuwa vikitembea pamoja, njia moja. Jua likizama, lile neno limezama nalo, na mimi niko nyumbani naweka miguu kwenye maji ya chumvi.

Lishikeni hilo neno. Ndilo nililokaa kuliandika.

Kwenye kualika harusi nako kuna mambo. Unaanza na mkubwa wa nyumba, hata akiwa kipofu, hata akiwa hasikii. Humwaliki mtu njiani, wala humpigii kelele juu ya ua. Ukimkuta kisimani, mwambie, "Nakuja kwako," kisha nenda kwake kweli. Watu hawaji kwa sababu wamepata habari. Habari hata kunguru anazo. Wanaokuja ni wale walioona kwamba wamefuatwa. Nyie leo mnatupa maneno hewani, kisha mnahesabu vidole vilivyogusa, mnasema tumefikia watu. Mmemfikia nani? Nani kakufungulieni mlango?

Basi kazi ikaanza kubadilika. Zikaja kadi za harusi zenye maua ya kung'aa, na wasiojua kusoma wakaziweka kwenye kioo kama pambo, siku ya harusi hawakwenda. Likaja gari la kipaza sauti, likipita mbio, ukasikia "...wote mnakaribishwa..." na upepo ukachukua nani na wapi. Yote hayo hayakunitisha. Mguu ndio ulionitisha. Goti la kulia likavimba, likawa kama nazi, nikawa napita nyumba chache, nakaa chini ya ukuta wa mtu.

Jirani yangu wakati huo alikuwa Mama Neema, mwalimu, Mkristo kutoka bara, amepanga chumba nyumba ya pili. Kila akiniona ananiamkia mpaka chini, utadhani kaangusha kitu.

"Shikamoo bibi! Jamani, unaenda wapi na goti hilo?"

"Marahaba. Kualika."

"Si utume tu, bibi?"

"Nimtume nani? Binti yangu yuko kwa mumewe."

"Utume kwa simu! Sauti! Unasema mara moja, wanasikia wote."

Nikamcheka. Lakini goti halikucheka. Jioni moja akaja na simu yake, akaniwekea mbele ya mdomo, akaniambia sema kama unavyosema mlangoni. Ilikuwa harusi ya watu wa Vitongoji. Nikasema, "Hodi." Nikanyamaza.

Mama Neema akaninong'oneza, "Bibi, endelea."

"Hawajanikaribisha."

"Bibi, hii ni simu, haikaribishi!"

"Basi mie nitasemaje na mtu hajanikaribisha?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Tukaanza upya: nikasema hodi, nikangoja kiasi ambacho mtu anatoka jikoni akafuta mikono, kisha nikaendelea. Akataka kuukata ule ukimya, nikamkataza. Akaituma vivyo hivyo, na kicheko chake kidogo nyuma yake.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo penye hiyo siri mnayoitafuta. Ule ukimya ndio uliowapata watu. Wanawake walikuwa jikoni, simu iko kwenye kibao cha mbuzi, sauti yangu ikisema hodi wakaitikia, "Karibu!" peke yao, kwa nguvu, mikono ina nazi. Kisha wakajicheka. Kisha wakampelekea dada, akaitikia naye. Ndani ya muda mfupi nikawa nasikika Chake, Wete, mpaka Unguja, mpaka kwa watoto wetu walioko Arabuni ambao walikuwa wakilia wakisikia hodi ya kwao. Kila mtu akataka shughuli yake isemwe na Bi Hodi. Wakasema shughuli isiyosemwa na Bi Hodi haijasemwa.

Msidhani sikufurahi. Nilifurahi. Mwenye duka la magodoro akaja, akataka niseme hodi kisha nisifu magodoro yake. Nikamwambia sijayalalia, nitasemaje? Akaniletea moja. Nikalilalia, nikaamka mgongo umepinda kama mundu. Akaja na simu, tayari.

"Haya Bi Hodi, sema."

"Hodi," nikasema. Nikangoja. "Godoro hili limenivunja mgongo."

Akachukua godoro lake. Ndiyo. Mtu akikufungulia mlango humwingizii takataka. Wengi wenu hapo Madungu mnasifu sabuni hamjaiogea na mafuta hamjayapaka, na siku mtakayosema jambo la kweli mtashangaa watu wanalisikiliza kama sabuni.

Wakaanza na kuniiga. Vijana, wazee, hata wanaume. Kila anayetangaza anasema hodi, ananyamaza, anasema kama mimi, maneno yale yale kwa mpango ule ule. Mama Neema akaniambia, "Bibi, hiyo ndiyo inaitwa kuwa na ushawishi. Umewafundisha watu wote namna ya kusema." Nikavimba kichwa kuliko goti.

Rafiki yangu alikuwa Bi Mize wa Vitongoji. Tulianza naye chuoni, tunashindana juzuu, tukipigwa fimbo moja. Mjane, mpole, mwenye mzaha wa chinichini. Alikuwa na watoto wawili: Salma, ameolewa na kijana anaitwa Omari na wote wanakaa naye pale pale, na Haji, wa mwisho, ndiye kipenzi. Msimu wa karafuu Haji akapanda mkarafuu, tawi likamvunjikia. Hakufika hospitali.

Waliniletea habari asubuhi. Nilisimama niende, goti likanirudisha kitandani. Haji nilimpokea mimi akiwa na kitovu kibichi, na msiba wake siwezi kuupeleka kwa mguu wangu. Nikamwita Mama Neema. Nikasema, chini, kama nilivyofunzwa:

"Hodi." Nikangoja. "Kuna msiba kwa Bi Mize, Vitongoji. Anazikwa leo, baada ya sala ya alasiri. Mwenye miguu na aje."

Nyumba nimetaja, jina sikutupa. Leo nimesema leo. Bi Kazija angefufuka asingelipata kosa.

Watu walikuja! Watu wakajaa mpaka kwenye mihogo. Wanaume walibadilishana jeneza mabegani kama mchwa, kila mtu anataka thawabu yake. Bi Mize akanishika mkono, akaniambia, "Siti, umemzika mwanangu kama mfalme." Tukakaa matanga, tukasoma, tukaanua. Watu wakarudi makwao.

Matanga yalikwisha, mvua ikanyesha, mahindi yakashika. Alasiri moja Bi Mize yuko uani anapepeta mchele, wakaingia wanawake wamejifunga mabuibui, macho mekundu, mmoja kabeba kifuko cha sukari.

"Poleni na msiba."

"Msiba upi?"

Wakatazamana. "Si... tumesikia kwa Bi Mize, Vitongoji. Leo, baada ya alasiri."

"Bi Mize ndiye mimi."

Mmoja akapiga yowe, akadondosha sukari.

"Mmekuja kunizika?" Bi Mize akawaambia. "Basi kaeni niwapikie. Mnizike mkishiba."

Alinihadithia mwenyewe siku ile, tukacheka. Lakini alipokuja kufika penye kuwaeleza kwamba ule ulikuwa msiba wa Haji, wa zamani, kicheko kikamkauka. Maana ilibidi aanze upya: ndiyo, mwanangu, ndiyo, mkarafuuni, ndiyo, tawi. Wale wageni wakataka kujua tawi lenyewe. Wakalia upya, na yeye akalia upya, sukari ya watu imo mchangani.

Sauti ile ilikuwa imelala kwenye simu ya mtu, mtu akaiamsha akaipeleka. Aliyepata akasikia leo. Leo yake yeye. Ikapita tena baada ya Ramadhani. Ikapita tena kwenye baridi. Kila ilipofika ilikuwa leo. Wengine waliuliza kwa simu, wengine walikuja na mikeka. Mzee mmoja alitoka mbali, amepanda gari mbili, akafika akamkuta Bi Mize anakuna nazi, akakasirika kwa kuwa hajafa.

Hapo ndipo nilipojua simu haina sheria ya Bi Kazija. Sauti haikai wala haisimami. Haina miguu ya kutazamwa. Nilitaja nyumba ili mtu aulize nani. Ndani ya simu anamuuliza nani? Na lile neno langu la leo, lililokuwa likifa kila magharibi, nimelitia mahali pasipo magharibi.

Nilikwenda kwa Bi Mize. Alikuwa amekaa kibarazani, mkeka umekunjwa pembeni, mkono juu ya ule mkeka.

"Siti, kila nikianua matanga wanitandikia tena."

"Si mie, Mize. Ni hizo simu."

"Sauti ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Alikuwa si mtu wa kugomba.

Nikamwambia Mama Neema aifute. Akaniambia, "Bibi, ukifuta kwako haifutiki kwao." Nikatoka na fimbo, nikapita Vitongoji, nikaenda mpaka sokoni Chake Chake, namsimamisha mtu na simu yake: futa hii. Kijana mmoja wa mitumba akaniambia, "Bi Hodi, hii sifuti, naipenda hodi yako. Usiku nikikosa usingizi naisikiliza." Hodi ya msiba wa Haji inamlaza usingizi! Nikamwambia nitamlaza mie kwa fimbo. Akafuta, mbele yangu. Nyuma yangu sijui.

Kisha nikarekodi nyingine. "Hodi. Msiba wa Bi Mize umekwisha zamani. Msiipeleke tena sauti ile." Haikufika popote. Watu hawapeleki mbele habari ya jambo lililokwisha. Wachache walioipata wakauliza, "Kwani msiba gani?" wakaitafuta ile ya kwanza wapate kusikia. Mkifanya kosa na maneno yenu, vijana, jueni kwamba kosa lina mbawa na toba yake inachechemea. Nimeona.

Mwisho watu wakazoea. Kuzoea kukawa kubaya kuliko kuja. Ikipita ile sauti wanasema, "Ah, ya zamani hiyo, zima." Ikawa mzaha. Mtu akileta habari imeshachacha anaambiwa, "Hiyo msiba wa Bi Mize." Nimewasikia watoto wakiambiana njiani, nao hawajui hata Bi Mize ni nani. Sauti yangu iliyokuwa ikileta watu kutoka Wete ikawa kichekesho, na jina la rafiki yangu likawa ndilo jina la uongo.

Alipoanza kuugua nilikuwa nakwenda kumtazama. Siku moja Salma katoka kuchota maji, akanivuta karibu.

"Siti, nikifa usinitie kwenye simu. Watu wamezoea kunisikia nimekufa."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Utakwenda kwa miguu?"

"Nitakwenda."

"Na goti hilo?"

"Hili hili."

Akacheka kidogo. "Si kwa wote. Wengine waje wasije, mamoja. Kwa Raya tu. Umwambie kwa mdomo wako, aje anione uso kabla hawajanifunika."

Raya ni dada yake, mkubwa kwake, anakaa Mgogoni, analima. Katika watoto wa tumbo lile walibaki wao wawili tu. Nikamwahidi. Wala hakunipa mkono tuapiane. Alijua mie ni mtu wa kupita.

Alikufa asubuhi, jua linatoka. Nilipofika, Salma analia, Omari mumewe anazunguka uani na simu sikioni. Omari ni kijana mzuri, mwenye adabu, sitaki mtu amseme.

"Bi Siti, usijisumbue. Nshatuma makundi yote. Na nimesema kama unavyosema weye."

Akanisikilizisha. Sauti yake mwenyewe, ya chini, ya heshima. "Hodi." Akangoja. Alingoja vizuri kweli. "Kuna msiba kwa Bi Mize, Vitongoji. Anazikwa leo, baada ya sala ya adhuhuri. Mwenye miguu na aje."

Neno kwa neno, ila sala tu. Nilimwambia, "Omari, mngojeeni Raya." Akaenda kuwauliza wazee. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi, na habari si imeshapelekwa? Mwenye kuja atakuja. Tukampigia mjukuu wa Raya, mwenye simu. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani.

Nikatoka. Gari ya kwanza ilikaa ikingoja abiria mpaka nikataka kuisukuma kwa fimbo. Ya pili iliharibika, dereva kaingia chini yake anaimba. Nikachukua bodaboda, mie, umri huu, buibui nimelikalia. Adhuhuri ikaadhiniwa tuko njiani. Nilijua wanamswalia. Nikamwambia kijana wa bodaboda endelea, akaniambia, "Bibi, tunawahi nini?"

Sasa nyinyi mtakaosoma mpaka hapa. Mtapata watu. Hodi nzuri mnayo, kelele mtaziacha, na watu watawaitikia jikoni kwao. Mkishapata hao watu, kila mnaloliweka humo litieni siku yake na jina lake, na msitie humo lililo la kupelekwa kwa miguu. Nami sijui kama itatosha. Sina uhakika. Nawaambia ninalolijua.

Bi Raya nilimkuta uani, anamenya muhogo, kisu kinakwenda haraka kama cha msichana. Aliponiona akaachia meno yote.

"Hee! Bi Hodi! Karibu, karibu, mwanakwetu, umepotea. Kaa hapa kivulini. Si asubuhi mjukuu wangu kanisikilizisha tena ule msiba wa Mize kabla ya kwenda zake! Nikamwambia zima hiyo, ya zamani. Safari hii wamemtia mwanamme aseme! Na hodi kaiweza, wallahi." Akacheka, akaniletea kibao cha kukalia, akachota maji mtungini, akaninyooshea kikombe.

Sikukaa.

Alibaki kaninyooshea kikombe. Macho yake yakashuka kwenye miguu yangu, yenye vumbi, nje ya kizingiti. Yakakaa hapo. Kisha akaweka kikombe chini polepole, asimwage.

"Kuna msiba kwa Bi Mize, Vitongoji," nikasema.

Kuku alikuwa anadonoa maganda ya muhogo. Bi Raya alikuwa mtu wa zamani, alijua kwamba lazima aulize mwenyewe.

"Nani?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na neno jingine, ndilo nililofunzwa.

"Leo."

Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye giza.

"Leo ipi, Siti?"